Krismasi ya Mtoto Asiyeachia Kitabu

Kila mtaa una mtoto wake wa aina hii. Akitumwa maandazi asubuhi, hurudi yamepoa, kwa kuwa alisimama njiani kusoma kipande cha gazeti alichofungiwa, na habari yenyewe imekatwa katikati. Mezani husoma maandishi ya kopo la maziwa. Kwenye daladala huchungulia gazeti la jirani, na jirani akifungua ukurasa kabla yeye hajamaliza, hununa.

Desemba ikiingia, mtoto huyo huwapa wazazi wake kazi. Kariakoo imefurika watu wa nguo za sikukuu na wadogo zake wameshapata vyao: huyu gauni, yule viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Yeye ana miaka kumi na mitano, nguo huvaa ilimradi amevaa, na akiulizwa anataka nini hujibu kwa neno moja tu: kitabu. Jibu linaonekana rahisi mpaka mzazi asimame mbele ya rafu.

Hapo mkono hupotea, na mara nyingi hupotelea sehemu mbili. Ya kwanza ni vitabu vya shule. Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ni hadithi nzuri, hilo halina ubishi. Lakini zimo katika vitabu teule vya fasihi ya Kiswahili kwa kidato cha tatu na cha nne, na kijana aliyekwisha kuzichambua dhamira, wahusika na mtindo mwaka mzima hawezi kufurahi kuzikuta tena zimefungwa utepe mwekundu. Ni kama kumzawadia mwalimu boksi la chaki.

Sehemu ya pili ni meza za vitabu vya mafanikio, zile zenye Robert Kiyosaki na Napoleon Hill kila kona ya mji. Mzazi hununua akijiambia kuwa mtoto atajifunza maisha mapema. Kijana huelewa upesi kwamba hapa hakupewa zawadi, amepewa dozi. Atashukuru kwa adabu, atakiweka kabatini, kisha ataendelea kusoma kile alichoazima kwa rafiki yake.

Hicho cha kuazima ndicho mzazi angepaswa kukitazama kwanza. Msomaji wa umri huu ameshachagua njia yake, na zawadi inayompendeza ni ile inayomsogeza mbele kwenye njia hiyo hiyo. Kwa hiyo upelelezi kidogo unahitajika kabla ya kwenda dukani. Kumkalisha kijana na kumhoji hakusaidii, maana atajibu “chochote”. Afadhali kuangalia kitabu kipi kimelegea mgongo kwa kufunguliwa mara nyingi na kipi kimebaki kipya kama kilivyotoka dukani. Aulizwe rafiki anayemwazima.

Simu nayo isidharauliwe. Vijana wengi siku hizi husoma simulizi zinazotumwa kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zinazofuata kwa kulipia. Wazazi wanaolalamikia jambo hilo wasahau kidogo hasira wakumbuke jinsi walivyosubiri gazeti la wiki ijayo ili wajue mwisho wa hadithi ya Eric Shigongo. Kijana wa simulizi hana kasoro. Ameonyesha kwamba anapenda hadithi inayokimbia, na za namna hiyo Kiswahili kinazo tangu zamani.

Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa habari Zanzibar alipopeleka hadithi yake kwenye shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58. Alishinda, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka kitabu. Humo ndimo alimoingia Bwana Msa, mpelelezi asiye na cheo wala bunduki, mwenye kiko chake na akili inayotulia pale wengine wanapobabaika. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kwa mnunuzi wa zawadi, raha ya mfululizo kama huu ni hesabu yake: cha kwanza kikimnasa kijana, Krismasi tano zijazo zimeshapangwa. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani na msomaji wa leo atakwama hapa na pale, lakini mtoto wa vitabu hukwama kwa furaha. Kamusi iwe karibu, basi.

Shida ni kuvipata. Riwaya za zamani hazikai wakati wote kwenye rafu, hata katika duka kama TPH pale Samora jijini Dar es Salaam, ambako vitabu vya wachapishaji Mkuki na Nyota huuzwa. Nyingine husakwa kwa wauza vitabu vya mitumba wanaozipanga chini kando ya barabara, biashara ambayo Nairobi wameipa jina lisilohitaji maelezo: “inama”. Mnunuzi huinama kweli, akageuza rundo la vitabu vya hesabu na majarida ya zamani mpaka chini kabisa, vidole vikijaa vumbi. Anayekwenda huko tarehe 24 jioni amejitakia. Msako huu ni wa wiki mbili au tatu, na unampa mnunuzi habari ya kusimulia wakati wa kukabidhi.

Huko huko mtaani kuna mtego. Kando ya mitumba halali zimelala kopi za wizi, na hasara yake humfikia mwandishi na msomaji pia. Kitabu kishikwe, kifunguliwe katikati, kitazamwe kwenye mwanga. Kopi ya wizi hujitaja yenyewe: wino umefifia ukurasa huu na kukolea ule, mistari imepanda upande kana kwamba karatasi ililala vibaya mashineni, picha ya jalada ina ukungu, na gundi inalia mgongo unapokunjuliwa. Namba za kurasa nazo zipitiwe. Hutokea ukurasa wa 96 ukafuatwa na wa 113, na kwa anayesoma hadithi ya upelelezi, kurasa kumi na sita zilizopotea ni msiba.

Zawadi nyingine haihitaji kununuliwa. Nyumba nyingi zina sanduku au kabati lenye riwaya alizosoma mzazi akiwa na umri wa mtoto wake, labda chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni: visa vya Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, au vya Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika Tutarudi na Roho Zetu? na Salamu Kutoka Kuzimu. Nakala hizo zina majina ya watu watatu wanne walioazimana kwenye ukurasa wa kwanza, na pengine hesabu ya deni la chapati nyuma ya jalada. Kijana anayekabidhiwa kitabu hicho hupata hadithi mbili, na ile ya pili, ya baba yake alipokuwa mtundu wa kidato cha pili, haiuzwi popote.

Mzazi akipitie tena kwanza. Kumbukumbu hupunguza makali, na mambo ya kitandani aliyoyaruka akiwa na haraka ya kufika kwenye risasi bado yamo.

Suala hili la umri ndilo linalowatatiza wengi, na halina jibu la jumla. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyoeleza wazi maisha ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, kisha akaingia duniani bila kuandaliwa. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na mabinti wa miaka 16 wanaona mengi zaidi ya hayo kwenye simu zao bila Kezilahabi wa kuwaonyesha matokeo yake. Kwa binti kama huyo ni kitabu kinachofaa, mradi aliyempa awe tayari kuulizwa maswali. Kwa mtoto wa miaka 12 kinaweza kusubiri.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inaingia humo humo. Ni riwaya ya 1999 kuhusu Yasmini, binti mdogo wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa mume mzee akamkimbia, na Denge, kijana anayetafutwa na polisi wa mkoloni. Watakaokwenda kidato cha tano na sita kusoma Kiswahili watakutana nayo darasani, na hiyo ni sababu nzuri ya kumpa kijana sasa, kabla haijawa mtihani. Filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya hiyo ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Kitabu mchana, filamu usiku, kisha ubishi wa nani kaharibu nini: sikukuu imekamilika.

Wapo vijana, hasa wa shule za mchepuo wa Kiingereza, watakaosema Kiswahili ni cha mtihani na wao husoma Kiingereza tu. Kugombana nao ni kupoteza muda. Mlango wao ni tafsiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi nyumbani ndio kwanza walikuwa wanalisikia jina lake. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, ambaye alikuwa ameshamleta Alisi wa Lewis Carroll katika Kiswahili. Mhusika mkuu wa Peponi ni Yusuf, ambaye hadithi inapoanza ana miaka 12, na baba yake anamtoa kwa tajiri ili kulipa deni. Kijana apewe vyote viwili, cha Kiingereza na cha Kiswahili, aachwe avilinganishe mwenyewe. Atakaa navyo hadi shule zifunguliwe.

Kwa anayependa muziki kuliko risasi, kipo Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba, na ndani yake kuna mwanamke aliyetoka kijijini Fumba akiuza vyungu, akafika kuwa sauti ya taarabu ya Zanzibar, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa anayejaribu kuandika mashairi gizani bila kumwonyesha mtu, diwani ya Dotto Rangimoto, Mwanangu Rudi Nyumbani, iambatane na daftari gumu lisilo na nembo ya shule. Na kwa anayependa safari, Siku Njema ya Ken Walibora ingali inatembea: Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya, na tangu mwaka 1996 kitabu hicho kimewafuata wasomaji wa pande zote mbili za mpaka.

Kuna njia nyingine ambayo wazazi huiogopa kwa kuwa inaonekana ya kivivu: kutenga pesa, kumpeleka kijana dukani, na kumwacha achague. Masharti ni mawili. Mzazi akae mbali, na akichaguliwa kitu chenye joka jaladani asigune.

Si lazima zawadi iwe kitabu. Umeme ukikatika saa mbili usiku mpelelezi akiwa mlangoni mwa muuaji, taa ndogo ya kuchaji ina thamani kuliko riwaya mpya. Rafu ya mbao mbili tatu kutoka kwa mafundi wa Keko humwondolea kijana vitabu chini ya kitanda. Na Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, bado iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kumsajili uanachama ni zawadi itakayofika hadi Krismasi nyingine, na haitaiumiza sana mifuko ya nyumba inayosubiri ada za Januari.

Iceland wamelifanya jambo hili kuwa desturi ya nchi nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia bidhaa nyingi ziliadimika lakini karatasi ilipatikana, watu wakazoea kupeana vitabu. Tangu 1944 wachapishaji wao hutoa orodha ya vitabu vipya inayosambazwa majumbani kabla ya Krismasi, na usiku wa tarehe 24, zawadi zikishafunguliwa, watu hujifungia na kusoma.

Huku kwetu usiku huo ni wa mkesha kanisani, na tarehe 25 ni ya pilau na wageni. Msomaji wa kike ndiye huumia zaidi. Kitabu kipya kimelala kitandani, yeye yuko uani na sufuria tatu za masizi, kaka yake yuko sebuleni na rimoti. Mama anayetaka kutoa zawadi ambayo haitasahaulika ampokonye binti huyo steli waya mkononi, ampe kaka mtu, kisha afunge mlango wa chumba kwa nje na kusema mwenyewe yupo lakini amelala.

Kufika tarehe 26 mchana kitabu kitakuwa kimekwisha. Kitaachwa kifudifudi juu ya mto kwa dakika tano, mwenyewe akienda kunywa maji, na akirudi hatakikuta. Mama atakuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miwani puani, ukurasa wa kumi na tisa, akiomba asiambiwe nani aliyeua.