Kitulo, Bustani ya Mungu

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ilitengwa hasa kwa ajili ya kulinda maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mvua zinapoanza Novemba, uwanda huo wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari huchipua, na kati ya Desemba na Aprili hujaa okidi za aina nyingi. Tandawala na mbayuwayu wa buluu huonekana nyasini.

Mpiga picha hufaidi asubuhi, mwanga ukiwa laini, akipiga magoti usawa wa ua. Apite njiani na asichume chochote: okidi zimekwisha kupungua kwa kuchimbwa viazi vyake vya kuliwa.