Njia ya Kifaransa Haipitii London

"Mwalimu, si inasemekana nusu ya Kiingereza ni Kifaransa? Basi nipe tu orodha, neno la Kiingereza huku na Kifaransa chake huku, mengine nitamalizia mwenyewe."

Swali hili limenichosha. Anayeliuliza si mjinga hata kidogo. Kiingereza chake kizuri, ana mzigo unaokwenda Bujumbura au ana usaili wa kazi na shirika la Kinshasa, na muda hana. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokipokea Kifaransa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021, na Kongo ikajiunga mwaka uliofuata, watu wa aina hii wanazidi kunijia, kila mmoja na orodha yake kwenye simu. Juu ya orodha pameandikwa kwamba neno lolote la Kiingereza linaloishia na "-tion" ni Kifaransa tayari. Hongera, unajua maelfu ya maneno bila kusoma.

Huyajui. Tuanze na hiyo nusu. Finkenstaedt na Wolff walichapisha mwaka 1973 hesabu ya maneno kama 80,000 ya kamusi fupi ya Oxford. Yenye asili ya Kifaransa yalikuwa kama asilimia 28, na mengine karibu idadi hiyo hiyo yalitoka Kilatini. Mtu akajumlisha mafungu mawili, akapata nusu yake, akaitangaza. Isitoshe, kamusi hulihesabu kila neno sawa na mwenzake, liwe linatamkwa mara mia kwa siku au mara moja kwa mwaka mahakamani. Hebu chukua Kiingereza cha nyumbani: "eat", "drink", "sleep", "go", "come", "water", "child", "house". Hakuna hata moja lililotoka Ufaransa. Kwa Kifaransa ni "manger", "boire", "dormir", "aller", "venir", "eau", "enfant", "maison". Wanormani waliovuka bahari mwaka 1066 walishika mahakama, kodi, jeshi na meza ya wakubwa. Maisha ya kawaida yakabaki na Kiingereza chake. Kwa hiyo maneno yanayofanana ni ya karani na wakili. Ukishuka Lubumbashi na orodha yako utaweza kutaja "administration" na "constitution", ila maji ya kunywa utayaomba kwa vidole.

Na hapo nimekuachia bure suala la matamshi. "Nation" ya Mfaransa ni kitu kama "nasyo", na sauti ya mwisho inapitia puani. Aliyeisoma tu kwenye simu hataitambua ikitamkwa mbele yake.

Sasa hayo maneno yanayofanana yenyewe. Wafaransa wanayaita "faux amis", yaani marafiki wa uongo, jina lililoenezwa na kitabu cha Koessler na Derocquigny cha mwaka 1928. Mimi urafiki wowote siuoni. Nayaita wajina: jina moja, watu wawili, na barua ya huyu ukimpelekea yule umeharibu.

Tuanze na hiyo "-tion" iliyosifiwa. "Location" ya Kifaransa ni kupangisha au kukodisha. Ukiona bango limeandikwa hivyo mlangoni, hawakuelekezi mahali, wanatafuta mpangaji. "Déception" si udanganyifu, ni ule unyonge wa kukosa ulichokitarajia. Ukimwambia mwenyeji wako kwamba mkutano umekuwa "une déception" ukidhani unamshtaki mtu kwa ulaghai, yeye atakupa pole. "Intoxication" ni kudhurika kwa sumu, mara nyingi ya chakula, wala si ulevi. "Formation" ni mafunzo. "Collation" ni kitafunio. "Translation" haikufanyi mfasiri, kwani kutafsiri ni "traduction". Maelezo ni "explication" na likizo ni "vacances". Zipo zinazolingana, sikatai: "destination", "réservation", "consultation". Lakini kujua ipi inalingana na ipi hailingani, lazima uijue kwanza, na ukishaijua orodha inakusaidia nini?

Hasara yenyewe iko kwenye biashara. Barua za Kifaransa zinapita mezani pangu, na naona mahali watu wanapoumia. Mteja wa Bujumbura anaandika: "Nous paierons éventuellement le transport." Mwenye orodha anaona "eventually", yaani hatimaye, na anafurahi kwamba usafiri utalipwa, hata kama si leo. Alichoandikiwa ni kwamba huenda wakalipia usafiri. Huenda! Juu ya neno hilo moja mtu anapakia lori. Muuzaji wa Goma anaandika "nous disposons de 200 sacs": tunayo magunia 200, yapo tayari. Msomaji wetu anakumbuka "dispose", anaelewa kwamba yameshatupwa au kuuzwa, na anakwenda kutafuta kwingine kwa bei ya juu. "Délai de livraison : 30 jours" ni muda wa kufikisha mzigo, siku 30, jambo la kawaida kabisa kwenye mkataba, yeye anasoma kwamba mzigo umechelewa siku 30 na anaandika barua ya ukali. Kuchelewa ni "retard". Na ukali huo anauzidisha, kwa sababu "nous vous demandons" aliyoandikiwa, ambayo ni "tunawaomba", ameisoma kama amri. Akiandikiwa "j'ignore votre adresse" anaona amedharauliwa. Mwenzake anasema tu kwamba hajui anwani.

Kwenye maombi ya kazi ni vilio. Kijana anajisifu kwamba yeye ni "versatile". Kwa Kiingereza hiyo ni sifa, mtu wa kazi nyingi. Kwa Kifaransa amejiita kigeugeu, na sijui ofisi inayoajiri kigeugeu. Anaandika "j'ai passé l'examen" akimaanisha alifaulu. Hapana, kasema alifanya mtihani, na kwa kuwa matokeo hakuyataja, msomaji anakisia. Kufaulu ni "réussir". "Collège" ya Ufaransa ni ya watoto wanaoanza sekondari. "Licence" ni shahada. Leseni ya udereva ni "permis". Na "actuellement" haina habari na ukweli wa mambo, ni "hivi sasa" tu.

Kisha kuna wale wacha Mungu wanaofunga barua kwa baraka. "God bless you" wameigeuza "Que Dieu vous blesse". Wapendwa, mmeomba Mungu amjeruhi mtu. "Blesser" ni kujeruhi, na maneno haya mawili hayana hata babu mmoja. Yamefanana kwa bahati mbaya. Baraka ni "Que Dieu vous bénisse". Anayetaka kueleza kwamba asali yake haina kemikali za kuhifadhia chakula naye asiandike "sans préservatifs", maana ametangaza asali isiyo na kondomu. Neno lake ni "conservateurs".

Kwa nini imekuwa hivi? Neno likishahama halipokei tena maagizo kutoka kwao. Mengi yaliingia Kiingereza miaka zaidi ya 600 iliyopita, na tangu hapo kila upande umeyatumia utakavyo. Hilo halina zaidi ya hapo.

Misemo ndiyo haivuki kabisa. Mwingereza mvua ikimnyeshea sana anasema inanyesha paka na mbwa. Mfaransa anasema inanyesha kamba, "il pleut des cordes". Kitu ghali kinamgharimu Mwingereza mkono na mguu, Mfaransa kinamtoa macho kichwani, "coûter les yeux de la tête". Sauti ikikwama, mmoja ana chura kooni, mwingine ana paka. Mtu wa Paris akikuambia rafiki yake "m'a posé un lapin", usimuulize habari za sungura: walikubaliana kukutana na mwenzake hakutokea. Na ninayoipenda kuliko zote ni ya mgeni anayeondoka shughulini kimyakimya bila kuaga. Waingereza wanasema ameaga Kifaransa. Wafaransa wanasema "filer à l'anglaise", kachomoka Kiingereza. Majirani wanasukumiana utovu wa adabu, na wewe unataka kumtumia mmoja akutafsirie mwenzake!

Kinachoniudhi hasa ni kwamba msemaji wa Kiswahili hauhitaji mzunguko huu. Mwingereza "yuko" na njaa: "I am hungry". Mswahili ana njaa, na Mfaransa pia anayo: "j'ai faim". Nina kiu, "j'ai soif". Nina usingizi, "j'ai sommeil". Nina miaka ishirini, "j'ai vingt ans". Nina haja ya msaada, "j'ai besoin d'aide". Kuna maji, "il y a de l'eau". Unanipendeza, "tu me plais". Haya yako kinywani mwako tangu utotoni, lakini mwanafunzi aliyepitishwa London anaandika "je suis faim", "je suis vingt ans". Dada aliyeshiba akitafsiri "I am full" anasema "je suis pleine", msemo unaomfaa ng'ombe mwenye mimba. Anayehisi joto akisema "je suis chaud" badala ya "j'ai chaud" amewapa watu habari ambazo hawakuziomba.

Au tazama mtendwa. "Nakupenda": huyo "ku" amekaa kabla ya kitenzi, baada ya mtenda. "Je t'aime": vivyo hivyo. "Namwambia", "je lui dis". Waingereza wanaojifunza Kifaransa huteseka na mpangilio huu, kwa sababu kwao anayependwa hukaa mwishoni. Sisi tunao ndani ya kitenzi. Na mtu aliyelelewa na ngeli, anayesema "kiti kizuri kimevunjika" bila kufikiri, hana sababu ya kulalamika kwamba Kifaransa kinataka kivumishi kifuate nomino yake. Kifaransa kina makundi mawili tu.

Kiswahili nacho kina mtego wake, nao ni hapa: ukiulizwa "hujala?" unajibu "ndiyo, sijala". Kwa Kifaransa jibu ni "non". Na kama umekula, usiseme "oui", sema "si", neno lililowekwa mahususi kwa kumkanusha aliyekanusha. Jizoeze hilo mapema.

Haya, ya kufanya. Nomino ijifunze na "le" au "la" yake tangu siku ya kwanza. Kitenzi kijifunze ndani ya sentensi nzima, si peke yake. Yeyote unayempa shikamoo mpe "vous", na usiyemjua mpe pia hata kama ni rika lako. Anza na "bonjour" kabla ya shida yako, popote, hata dukani. Sikiliza "Journal en français facile" ya RFI kila siku, ni dakika kama kumi. TV5Monde wana mazoezi ya bure. Ukishapata msingi, funga kamusi ya Kiingereza, ununue ya Kifaransa kwa Kifaransa, Larousse au Le Robert, yoyote. Alliance Française ipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Ukitaka cheti fanya DELF, ngazi ya A1 hadi B2. Hakiishi muda wake. Barua yenye pesa ndani mpe mfasiri aisome kabla hujajibu, hata kama umeielewa, na hasa kama umeielewa haraka.

Wanaokwenda Kongo, Burundi na Rwanda wakumbuke kwamba Kifaransa cha huko kilikuja na Wabelgiji. Sabini ni "septante" na tisini ni "nonante", si zile "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix" za vitabu vya Paris. Thelathini na sitini hazibadiliki. Na ukialikwa "dîner", uliza saa: Paris ni chakula cha usiku, lakini kwa Wabelgiji na Wakongo wengi ni cha mchana, na utakuta sahani zimeshaoshwa.