Je, Kizuri Chajiuza? Funzo la Lugha ya Lua kwa Wapenzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeizoea methali hii kiasi cha kuiamini bila kuihoji. Tukisikia kuwa lugha fulani haijulikani, twadhani ina kasoro. Nayo lugha tuipendayo, twadhani uzuri wake utajitangaza wenyewe. Makala hii inadhamiria kuipima methali hiyo kwa mfano kutoka katika uwanja ambao aghalabu hatuukanyagi: lugha za programu, yaani lugha ambazo kwazo binadamu huiamuru tarakilishi itende kazi. Mfano wenyewe ni Lua, lugha iliyozaliwa nchini Brazili.

Chimbuko la Lua

Lua iliundwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro na wataalamu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, serikali ya Brazili ilikuwa imebana uagizaji wa tarakilishi na programu za kigeni ili kukuza tasnia ya ndani. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa huko walikuwa wamezoea kujiundia zana zao.

Miongoni mwa wateja wakuu wa maabara yao, Tecgraf, ilikuwa Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa. Wahandisi wa kampuni hiyo walihitaji njia nyepesi ya kuzilisha programu data na maelekezo, ilhali wengi wao hawakuwa wanaprogramu. Lugha mbili ndogo ziliundwa kwanza kukidhi haja hiyo. Mojawapo iliitwa SOL, neno ambalo kwa Kireno lina maana ya jua. Badala ya kuziendeleza zote mbili, wataalamu hao waliunda lugha moja ya kuchukua nafasi yake, wakaiita Lua, yaani mwezi.

Mwanaisimu anaweza kuielewa Lua kwa kuifananisha na mofimu tegemezi. Ingawa inaweza kusimama peke yake, kazi yake hasa ni kupachikwa ndani ya programu kubwa zaidi. Katika mchezo wa tarakilishi, kwa mfano, sehemu nzito ya kuchora picha huandikwa kwa lugha nyingine, nayo mienendo ya wahusika huandikwa kwa Lua. Ni lugha ndogo, nyepesi na rahisi kujifunza.

Safari ya kujulikana

Basi je, uzuri huo uliiuza? La hasha. Mnamo Julai 1994, toleo la 1.1 lilitolewa kwa umma. Wasomi waliruhusiwa kulitumia bila malipo, lakini wafanyabiashara walitakiwa kujadiliana kwanza na wenye lugha. Hakuna mkataba hata mmoja wa kibiashara uliopatikana. Mwezi wa Februari 1995, toleo la 2.1 liliondoa kizuizi hicho.

Hata hivyo, mlango ulio wazi katika nyumba isiyojulikana hauleti wageni. Mwaka 1996 waundaji wa Lua walichapisha makala mbili. Ya kwanza ilitoka katika jarida la kitaaluma, Software: Practice and Experience. Ya pili ilitoka katika Dr. Dobb's Journal, jarida lililosomwa na wanaprogramu wa kawaida. Ni hii ya pili iliyomfikia Bret Mogilefsky, mwanaprogramu wa kampuni ya michezo ya LucasArts nchini Marekani. Aliisoma, akaijaribu lugha yenyewe, na hatimaye ikatumika kuunda mchezo wa Grim Fandango uliotoka mwaka 1998. Habari zikaenea miongoni mwa waunda michezo. World of Warcraft ya mwaka 2004 iliitumia pia. Tangu mwaka 2013, kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili, imekuwa ikiitumia Lua nyuma ya pazia kupangia taarifa katika kurasa zake.

Gharama ya safari

Hata hivyo, umaarufu huu haukuja bure. Mbali na jina lake, Lua haina Kireno. Maneno yake maalumu, kama vile "if", "then" na "end", ni ya Kiingereza. Kitabu cha Ierusalimschy kuihusu, Programming in Lua, kilitoka mwaka 2003 kwa Kiingereza, ingawa mwandishi ni Mbrazili. Ili mwana asikike ughaibuni, alivishwa lugha ya ughaibuni. Mbrazili asiyejua Kiingereza alikabiliwa na hatari ya kuwa mgeni mbele ya mtoto wa nyumbani kwake.

Funzo kwa Kiswahili

Sisi hatuwezi kulipa gharama hiyo, kwa kuwa Kiswahili ndicho bidhaa yenyewe. Lakini hatua nyingine za Lua twaweza kuziiga. Kwanza, Lua ilianza na haja ya mtu mahususi, si kaulimbiu. Vivyo hivyo, Kiswahili kilipofika bara pamoja na misafara ya biashara, watu walikipokea kwa sababu kiliwawezesha kununua na kuuza. Pili, iliondoa vikwazo. Istilahi tunazobuni na kuzifungia katika tasnifu zisizotoka maktabani hazina tofauti na toleo la 1.1. Tatu, iliwaandikia watu nje ya ukumbi wa wasomi. Ndugu msomaji, ni makala ngapi za Kiswahili tumewahi kumwandikia fundi wa simu, muuguzi au mkulima, kuhusu kazi yake yeye? Aghalabu twaandikiana sisi kwa sisi, kisha twalalamika kuwa Kiswahili kinapuuzwa katika sayansi.

Hitimisho

Methali yetu ni ya kweli, lakini yahitaji tanbihi. Kizuri chajiuza kikishafika sokoni. Lua ilikuwa nzuri mwaka 1993 kama ilivyokuwa nzuri mwaka 1996. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyeibeba hadi mnunuzi alipo. Kiswahili nacho ni kizuri. Swali linalotukabili wanachama wa chama hiki ni moja tu: ni nani atakayekibeba?