Mbona Mathe Anaskia Kizunguzungu na Ndege ya VR Haijatoka Chini?

Umetoa familia Nyakoe mkajaribu kupaisha ndege ya VR. Mathe, mwenye hajawahi panda ndege, anavaa miwani. Dakika mbili tu, "Nitoeni hapa!"

Usimcheke. Macho yanamwambia ako juu ya mawingu, lakini majimaji ndani ya sikio, yenye husoma mwendo, yanasema ameketi tu. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndio inalipa. Hata marubani hupatwa na hii maneno kwa simuleta.

Mtoe miwani mbio, aangalie kitu imesimama mbali, apigwe na upepo. Matatu ya kurudi ingoje kichwa itulie.

Na mwambie asiogope ndege ya ukweli pale Kisumu. Huko sikio pia linaskia safari.