Watoro wa Ziwa Mweru walikimbilia kwa nani?

Sisi tulioko Marekani na Kanada twasikia sana habari za Harriet Tubman na mtandao wa siri uliovusha watumwa watoro hadi Kanada, hasa baada ya sheria ya 1850 kukaza msako wao hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Pwani ya Ziwa Mweru, kuanzia Kabuta na Nchelenge katika Zambia ya leo hadi ng'ambo ya Kongo, nako watu walitoroka, ila hakukuwa na Kanada ya kukimbilia. Mtoro alikimbilia mtu: chifu mwingine, mfanyabiashara, na baadaye mmisionari. Asiye na mkubwa wa kumtetea alikamatwa na kuuzwa upya, na baadhi ya wanunuzi (tusilifiche hili) walikuwa Waswahili wa misafara ya pembe za ndovu.

Wapo watakaosema mkombozi alikuwa misheni. Ni kweli kwamba Msiri, mfalme wa Wayeke wa Katanga, alipouawa Desemba 1891 na mji wake wa Bunkeya ukasambaratika, mmisionari Mskoti Dan Crawford alihamia ziwani, akaanzisha kituo cha Luanza mwaka 1894, na wengi waliotoka utumwani wakamfuata. Lakini waliomfuata walikuwa wamekwisha kuchagua. Mtazame Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba ambaye maisha yake yaliandikwa na mmisionari Dugald Campbell: aliingia utumwani mara kumi, akapitishwa mkono kwa mkono, akatoroka, na hata mume wake alikuwa bwana wake. Aliishi jirani na wamisionari, na bado hakuwa huru, mpaka yeye mwenyewe, kwa mali aliyoichuma kwa jasho lake, alipomlipa mumewe thamani yake. Huko Rabai na misheni jirani, karibu na Mombasa, mambo yalikwenda vivyo hivyo: watoro walikuwa wameshajijengea maisha misheni kabla George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, hajawalipa mabwana zao mwaka 1888–89 kwa ajili ya watu wapatao 1,400. Fedha ilifuata miguu.

Mwingine atapinga kwamba kubadilisha bwana si uhuru. Sawa, kama uhuru ni kuishi bila kumtegemea yeyote. Ila kwa mtu aliyeng'olewa kwao, asiye na ukoo wa kumdai wala kumlipia, kumchagua wa kumtegemea kulikuwa hatua ya kwanza ya kurudi kuwa mtu mwenye kauli. Bwanikwa hakuishia hapo, alijinunua. Kwa hiyo anayeandika historia ya ukombozi wa ziwa hili aanze naye, Crawford afuate.