Dripu Ikishaisha, Mkojo Uangaliwe

Mtoto anaharisha, anapona, kisha wiki mbili baadaye hawezi kupanda ngazi. Miguu imelegea, mikono inafuata. Huenda ni Guillain-Barré, ugonjwa ulioelezwa na madaktari wa Kifaransa mwaka 1916: kinga ya mwili, ikishamaliza vita na vijidudu, inaigeukia mishipa ya fahamu.

Tiba yake kubwa ni imunoglobulini, yaani kingamwili zilizochujwa kutoka plazma ya maelfu ya wachangiaji. Mtoto hupewa jumla ya gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu, siku 2 hadi 5. Wa kilo 18 humaliza gramu 36. Ni dawa ghali, na mzazi aliyehangaika kuipata hana hamu ya kusikia habari za madhara. Asikie hivyo hivyo.

Homa na baridi ni vya kawaida; muuguzi hupunguza kasi ya dripu, vikatulia. Yale ya nadra ndiyo yenye hila, maana hujifanya maradhi mengine. Siku moja au mbili baadaye mtoto anaweza kuumwa kichwa vibaya, shingo ikakaza, akatapika, akakimbia mwanga, kama mwenye homa ya uti wa mgongo. Maji ya uti wa mgongo yakipimwa, chembe nyeupe tele, bakteria hakuna. Hupoa yenyewe kwa siku chache, ila hakuna daktari makini atakayebahatisha hivyo bila kupima.

Linalonitia hofu zaidi ni la damu. Ndani ya plazma ile mmebaki kingamwili zinazoshambulia chembe nyekundu za kundi A na B. Mwenye A, B au AB anaweza kupasukiwa na chembe zake ndani ya siku 10 hivi, pengine keshatoka hospitali. Wa kundi O husalimika. Macho ya manjano, uchovu, mkojo kama chai ya rangi. Kwetu dalili hizo zitapimwa malaria na selimundu, na ni sawa. Lakini asipotaja mtu ile dripu, nani atakumbuka kipimo cha Coombs, kile kinachosaka kingamwili zilizonata kwenye chembe nyekundu?

Kisha chanjo. Kingamwili za kuazima huzima chanjo ya surua. Kwa dozi hii, mwongozo wa Marekani unataka miezi 11 ipite. Tanzania huchanja surua na rubela miezi 9 na 18. Aliyetibiwa akiwa na mwaka mmoja, kwa hesabu hiyo, dozi ya pili inasogea hadi miezi 23. Tarehe ya dripu iandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla mama hajaondoka wodini.