Kutoka Shabaha ya Mzinga hadi Mpaka wa Amani: Historia ya Ramani za Kijeshi na Urithi Wake Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ikisiri

Ramani nyingi zinazotumiwa na mamlaka za ardhi, maji na mipaka katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu zina asili ya kijeshi. Makala haya yanaeleza jinsi hatua kuu za teknolojia ya upimaji zilivyotokana na mahitaji ya vita, kisha zikarithiwa na taasisi za kiraia. Hoja kuu ni kwamba tarakimu za ramani hurithiwa upesi kuliko maelezo ya namna zilivyopatikana, na kwamba pengo hilo si suala la mafundi peke yao bali ni suala la sera.

1.0 Utangulizi

Ofisa wa mipaka anapokunjua ramani ya skeli ya 1:50,000, huona mito, vijiji, mistari ya kontua na mpaka. Asichokiona ni swali lililosababisha ramani hiyo ichorwe. Mpimaji hupima kile alichoagizwa kukipima, kwa usahihi unaotosheleza haja ya aliyemtuma. Kwa sehemu kubwa ya historia ya upimaji wa kisasa, aliyemtuma alikuwa jeshi, na maswali ya jeshi yalibadilika kwa awamu: kikosi kitapita wapi? Himaya inaishia wapi? Mzinga ulenge wapi? Kila swali lilizaa teknolojia yake, na kila teknolojia iliacha alama katika ramani zinazotumika hadi leo.

2.0 Kikosi kitapita wapi?

Baada ya uasi wa mwaka 1745 huko Scotland, jeshi la Uingereza lilitambua kwamba halikuwa na ramani ya kuaminika ya nyanda za juu ambako waasi walikuwa wakijificha. Kati ya mwaka 1747 na 1755, William Roy alikuwa kiungo mkuu wa kazi ya kuipima nchi hiyo. Wapimaji walifuata barabara na mito wakiwa na minyororo na ala za kusoma pembe. Ramani iliyopatikana ilifaa kupanga safari za askari, lakini makosa madogo ya kila hatua yalijilimbikiza kadiri mpimaji alivyosonga mbele.

Tiba ya tatizo hilo ilikuwa upimaji wa pembetatu. Mstari mmoja wa msingi hupimwa ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kisha, kutoka katika ncha zake mbili, hupimwa pembe za kilima kinachoonekana kwa mbali. Urefu wa upande mmoja na pembe zikijulikana, pande nyingine hupatikana kwa hesabu, na kila upande mpya huwa msingi wa pembetatu nyingine. Mwaka 1784 Roy alipima mstari wa aina hiyo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 8, katika uwanda wa Hounslow Heath karibu na London. Mwaka 1791 kazi hiyo ilichukuliwa na bodi iliyosimamia silaha na ngome za Uingereza, na huo ukawa mwanzo wa idara ya Ordnance Survey, ambayo jina lake bado linakumbusha mizinga. Ramani yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1801, ilikuwa ya Kent, jimbo linaloelekeana na Ufaransa. Mahali pa kuanzia palichaguliwa na hofu ya uvamizi.

3.0 Himaya inaishia wapi?

Katika Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: mipaka ilitangulia, upimaji ukafuata. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 ulitumia latitudo ya digrii 1 Kusini kuwa mpaka magharibi mwa Ziwa Victoria. Wakati huo ramani za bara zilitegemea zaidi michoro ya njia. Ofisa alisafiri na msafara akiwa na dira na saa. Dira ilimpa mwelekeo, na muda wa mwendo ukageuzwa kuwa umbali.

Makosa ya michoro hiyo yalirekebishwa kwa kuangalia jua na nyota, lakini si kwa usawa. Latitudo hupatikana kwa kupima kimo cha jua au nyota juu ya upeo. Longitudo huhitaji kujua saa sahihi ya mahali pengine, kwa kuwa Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Karibu na Ikweta, saa iliyokosea kwa dakika moja tu humhamisha mpimaji takriban kilomita 28 kuelekea mashariki au magharibi. Kwa hiyo mpaka uliofuata latitudo ungeweza kupatikana ardhini bila taabu kubwa, ilhali meridiani ya 30 Mashariki, iliyotajwa kuwa mpaka wa Dola Huru ya Kongo, ilikuwa na utata tangu siku iliyoandikwa.

Mlima Mfumbiro ni mfano ulio wazi. Mkataba wa 1890 uliuweka nje ya eneo la Ujerumani kana kwamba ni mlima mmoja ambao mahali pake pangethibitishwa baadaye. Wasafiri wa Kizungu walikuwa wameuona kwa mbali tu. Wapimaji walipofika, walikuta safu ya volkano za Virunga. Ilibidi Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zikutane Brussels mwaka 1910 ili kuafikiana upya, na vilele vya milima vikachukua nafasi ya mistari ya kufikirika. Ndiyo maana hadi leo mlima Sabinyo ni makutano ya mipaka ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

4.0 Mzinga ulenge wapi?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha kiwango cha usahihi kilichodaiwa na jeshi. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, mpiga mizinga hakumwona adui wake. Alihitaji kujua mahali pa mzinga wake na mahali pa shabaha kwa tarakimu za mfumo mmoja. Picha zilizopigwa kutoka katika ndege zilionyesha mahandaki mapya. Vipaza sauti vilivyopangwa katika sehemu zilizopimwa vilinasa mlio wa mzinga wa adui, na tofauti ndogo za muda wa kufika kwa sauti zikafichua ulikojificha. Mnamo Novemba 1917 huko Cambrai, takriban mizinga 1,000 ya Uingereza ilifyatua kwa pamoja bila risasi za majaribio za kurekebisha shabaha, kwa kutegemea ramani na hesabu.

Fundisho la awamu hii halikuhusu mizinga peke yake. Ubelgiji na Ufaransa kila moja ilikuwa na mtandao wake wa vipimo, na majeshi yaliyopigana kuvuka mpaka yalilazimika kuioanisha. Tarakimu mbili zinazofanana, zikitoka katika mitandao miwili, hazielekezi mahali pamoja. Wapiga mizinga walilijua hilo mapema kuliko wanasheria wa mipaka.

5.0 Safu ya Meridiani ya 30 na picha za anga

Afrika Mashariki ilipata mtandao wake mkuu kupitia mradi wa muda mrefu. Mwaka 1879 mwanaastronomia David Gill alipendekeza mnyororo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata meridiani ya 30. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Martin Hotine, ofisa wa jeshi la uhandisi la Uingereza, aliongoza sehemu ya Tanganyika kati ya 1931 na 1933. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954 na idara ya ramani ya jeshi la Marekani. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na kombora la masafa marefu halilengeki ikiwa vipimo vya bara moja havijaunganishwa na vya bara jingine.

Hotine huyohuyo aliongoza upimaji wa kijeshi wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya upimaji wa makoloni. Ndege za kijeshi ambazo vita vilikuwa vimeziacha bila kazi zilitumwa kupiga picha za anga barani Afrika. Picha mbili zinazofuatana hupigwa zikipishana kwa zaidi ya nusu ya eneo. Zikitazamwa pamoja kwa ala maalumu, ardhi huonekana kwa kina, na kontua huchorwa bila mpimaji kupanda kila kilima. Kwa njia hiyo zilipatikana ramani za 1:50,000 za Kenya, Uganda na Tanzania, zilizokuja kuegemea mfumo rejea uitwao Arc 1960.

6.0 Setilaiti na mita 300

Mfumo rejea wa namna hiyo, ambao wapimaji huuita datumu, ni makubaliano kuhusu umbo la Dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Arc 1960 hutumia umbo lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880 na kuwekwa lilingane na uso wa sehemu hii ya Afrika. GPS, iliyoanzishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1973, hutumia datumu ya WGS84, ambayo huanzia katika kitovu cha uzito wa Dunia nzima. Kwa Kenya na Tanzania, vitovu vya mifumo hiyo vinatofautiana kwa takriban mita 160, 6 na 302 katika mihimili mitatu. Matokeo yake ni kwamba majiranukta yaleyale huangukia sehemu mbili zilizoachana kwa takriban mita 300. Katika ramani ya 1:50,000 huo ni umbali wa milimita 6; ardhini ni shamba zima, au kisima kilichohamia kijiji cha jirani.

Kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria, ambacho ni kidogo kuliko uwanja wa mpira, huonyesha uzito wa tarakimu hizo. Umbali wake kutoka katika mpaka wa Kenya na Uganda hutajwa kuwa takriban nusu kilomita, na mpaka wenyewe umeelezwa katika amri ya kikoloni ya mwaka 1926. Mgogoro huo una sababu za uvuvi, kodi na usalama; haukuletwa na datumu. Hata hivyo, timu mbili zitakazopima bila kukubaliana kwanza kuhusu datumu zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya nusu ya umbali unaobishaniwa.

Urithi wa kijeshi una upande mwingine: mwenye mtambo ndiye mwenye uamuzi. Usahihi wa GPS kwa raia ulipunguzwa kwa makusudi hadi Mei 2000. Data za miinuko zilizokusanywa na chombo cha anga mwaka huohuo, kwa ushirikiano wa NASA na idara ya kijeshi ya ramani, zilitolewa kwa Afrika katika kiwango cha mita 90. Zile za mita 30 zilifunguliwa mwaka 2014.

7.0 Hitimisho na athari kwa sera

Asili ya kijeshi haizifanyi ramani hizi kuwa mbaya. Rwanda ilitumia picha za anga na za setilaiti kusajili zaidi ya viwanja milioni 10, majirani wakitembea pamoja na kuonyesha mipaka yao juu ya picha. Teknolojia ilikuwa ileile, lakini swali lilikuwa la raia.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kila hati ya mpaka, ramani ya kiwanja na mkataba wa maji itaje datumu yake, kama inavyotaja tarehe na sahihi. Pili, tume za pamoja, zikiwemo zinazofanya kazi chini ya Mpango wa Mipaka wa Umoja wa Afrika ulioanza mwaka 2007, zikubaliane kuhusu mfumo rejea kabla ya kupeleka wapimaji uwandani. Tatu, vituo vya kudumu vya kupokea mawimbi ya setilaiti, pamoja na juhudi za AFREF za kuunganisha mifumo rejea ya bara, vipewe bajeti ya kudumu badala ya kutegemea miradi. Bikoni inayong'olewa huonekana na jirani. Datumu isiyotajwa haionekani na yeyote hadi siku ya mzozo, na siku hiyo kila upande huja na ramani iliyo sahihi kwa vipimo vyake wenyewe.